Kaburi la Nyeri na Simbamarara wa Kumaon

Wageni wengi wanaofika kwenye makaburi ya Kanisa la St Peter's mjini Nyeri huwa wanamtafuta Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Mimi mwenyewe nilipelekwa hapo mara ya kwanza nikiwa darasa la sita, skafu shingoni. Tukapangwa mstari, tukapiga saluti, tukarudishwa kwenye basi. Hakuna aliyetuambia kwamba katika makaburi hayo hayo amelala mtu aliyeandika baadhi ya hadithi za kweli zinazotisha kuliko zote nilizowahi kusoma, na ambaye jina lake limebebwa na hifadhi kubwa ya wanyama huko India.

Nilikuja kumjua miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nafanya kazi ya gazeti. Kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba jijini Nairobi niliokota nakala chakavu ya Man-Eaters of Kumaon, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1944. Nikaanza kuisoma kwenye matatu, nikapitiliza kituo changu. Usiku huo nilipotafuta habari za mwandishi, Jim Corbett, nikakuta kwamba alizaliwa Nainital, India, mwaka 1875, na kufariki mwaka 1955, wapi? Nyeri. Kwetu!

Ngoja kwanza tuelewane kuhusu huyu mnyama, maana Kiswahili chenyewe hakijaamua kumwitaje. Wengine humwita simbamarara, wengine chui milia. Simba tunaye, chui tunaye, milia tumeizoea kwa punda. Tukachanganya tulivyo navyo tukapata jina la mnyama ambaye hajawahi kukanyaga msitu wowote wa Afrika. Mimi nitatumia simbamarara. Kumbe pia ni dhahiri kwa nini kwetu anabaki wa kwenye vitabu, filamu na blanketi. Ni rahisi kumpenda mnyama asiyeweza kula ng'ombe wako.

Huko Kumaon, chini ya milima ya Himalaya, haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa karne iliyopita simbamarara jike mmoja alikuwa ameua watu wapatao 200 nchini Nepal, akafukuzwa na watu wenye silaha, akavuka mpaka na kuua wengine 236, kwa hesabu anayoitoa Corbett. Mwaka 1907 Corbett aliitwa. Akatoa masharti mawili: zawadi zote za serikali zilizotangazwa kwa atakayemuua zifutwe, na wawindaji wengine waondolewe. Hakutaka kuhesabiwa miongoni mwa wanaowinda kwa pesa, na hakutaka kupigwa risasi na mwenzake kichakani. Alipofika kijiji cha Pali alikuta watu wamejifungia ndani kwa siku tano. Mwishowe, karibu na Champawat, watu 298 wakakusanyika kwa ngoma, makopo na bunduki ambazo nyingine hazikuwa na leseni (ofisa wa eneo hilo aliamua kutoziona), wakampigia mnyama kelele bondeni mpaka akatokea mbele ya Corbett.

Hadithi ingeweza kuishia hapo na ikawa hadithi nzuri ya kishujaa. Lakini Corbett akamfungua mdomo yule mnyama aliyekufa. Chonge mbili za upande wa kulia zilikuwa zimevunjika, ya juu nusu, ya chini hadi kwenye mfupa. Lilikuwa jeraha la zamani la risasi. Mtu fulani, miaka ya nyuma, alimpiga vibaya akamwacha aende zake, na mnyama asiye na meno ya kukamata swala akajifunza kukamata kinachokimbia polepole zaidi.

Nilipofika ukurasa huo nilifunga kitabu. Watu 436 kwa sababu ya risasi moja iliyopigwa ovyo! Kwangu mimi, historia yote ya kumlinda simbamarara imo ndani ya mdomo ule. Tulianza sisi binadamu, gharama wakalipa wengine, na waliolipa walikuwa wanakijiji waliotoka kwenda kukata kuni na majani ya ng'ombe.

Na wapigaji risasi walikuwa wengi. Serikali ya kikoloni ililipa zawadi kwa kila simbamarara aliyeuawa, kana kwamba ni panya. Mwaka 1911 Mfalme George wa Tano alikwenda kuwinda Nepal, na msafara wake ukaua simbamarara 39 katika siku kumi. Maharaja wa Surguja alijisifu kuua zaidi ya 1,000 maishani mwake. Mwanahistoria Mahesh Rangarajan amekadiria kwamba kati ya 1875 na 1925 waliuawa zaidi ya 80,000 nchini India. Hebu linganisha na idadi ya walio porini duniani kote leo, ambao kwa makadirio ya miaka ya karibuni hawafiki 6,000.

Corbett naye si malaika. Mwaka 1930 alimpiga risasi dume mmoja mkubwa wa Powalgarh, mnyama ambaye hakuwa amemla mtu yeyote. Kosa lake lilikuwa ukubwa tu, kila mwindaji alimtamani. Corbett anaisimulia habari hiyo kwa fahari, na mimi humsoma nikiwa nimekunja uso. Lakini katika miaka hiyo hiyo alikuwa ameanza kubadilika. Ofisa wa misitu, F. W. Champion, alikuwa ametega kamera kwenye mapito ya wanyama, na uzi mwembamba ambao simbamarara akiugusa anajipiga picha mwenyewe usiku. Picha hizo alizitoa kwenye kitabu mwaka 1927. Corbett alizipenda, akanunua kamera ya sinema, akaanza kukaa porini kwa saa nyingi akitafuta picha pale ambapo zamani angetafuta ngozi. Mwaka 1936 ikatangazwa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini India, kando ya mto Ramganga, naye akiwa mmoja wa waliosaidia kuchora mipaka yake. Leo inaitwa Corbett.

Mwishoni mwa 1947, India ikiwa imepata uhuru, Corbett na dada yake Maggie walifunga mizigo wakaja Kenya. Waliishi Paxtu, nyumba ndogo kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, ile ile aliyojengewa Baden-Powell. Hapo ndipo alipoandika vitabu vyake kadhaa vya mwisho kuhusu India, huku dirishani kwake kuna Mlima Kenya. Usiku wa Februari 5, 1952, akiwa na miaka 76, alikaa juu ya ngazi ya Treetops, kibanda kilichojengwa juu ya mugumo, akimlinda Binti Mfalme Elizabeth ambaye kufikia asubuhi, bila yeye mwenyewe kujua, alikuwa amekwisha kuwa malkia. Miaka miwili baadaye wapiganaji wa Mau Mau wakakichoma kibanda hicho. Msitu ambao kwa Corbett ulikuwa mahali pa kutazama wanyama, kwa babu zetu ulikuwa maficho ya vita. Siwezi kuandika habari zake bila kulisema hilo. Aliwaandika wanakijiji wa Kumaon kwa upendo wa kweli, kisha akahamia nchi ya walowezi kama vile hapakuwa na wenyewe.

Alikufa akiamini simbamarara wangetoweka. Hakukosea sana. Wa Bali walikuwa wamekwisha toweka, wa pande za Bahari ya Kaspi wakafuata, kisha wa Java. Hesabu ya mwaka 1972 nchini India ilipata 1,827 tu. Mwaka huo sheria ya kulinda wanyamapori ikapitishwa, na Aprili 1, 1973, chini ya Indira Gandhi, Mradi wa Simbamarara ukazinduliwa katika hifadhi hiyo hiyo ya Corbett, ukianza na maeneo tisa.

Sehemu inayofuata ndiyo ninayoipenda zaidi kama mwandishi wa habari, kwa sababu inahusu takwimu na uongo. Kwa miaka mingi simbamarara walihesabiwa kwa nyayo: askari wa wanyamapori anaweka kioo juu ya alama ya mguu, anaichora, halafu mkubwa wake anasema huyu ni yule wa jana au ni mwingine. Na kwa sababu hakuna mkubwa anayependa kuripoti kwamba wanyama wamepungua chini ya uangalizi wake, idadi ilipanda tu. Karatasi ilikuwa na afya kuliko msitu. Halafu mwaka 2005 ikathibitika kwamba hifadhi ya Sariska, jimbo la Rajasthan, haina hata simbamarara mmoja. Majangili walikuwa wamewamaliza, mifupa na ngozi zimeshauzwa, huku ofisi ikiendelea kuwahesabu.

Baada ya aibu hiyo India ilibadili hesabu. Kila simbamarara ana milia yake, haifanani na ya mwingine, kama alama za vidole vyetu. Kwa hiyo ukitega kamera pande zote mbili za njia unaweza kumtambua mmoja mmoja. Mwanasayansi Ullas Karanth alikuwa ameonyesha jambo hilo huko Nagarahole tangu miaka ya tisini. Ni uzi ule ule wa Champion, ila umesubiri miaka themanini. Hesabu ya zamani ilikuwa imesema kuna zaidi ya 3,600 nchini. Hesabu mpya ya 2006 ikapata 1,411. Iliuma, lakini ilikuwa kweli, na juu ya ukweli huo kazi ikaanza upya. Kufikia 2022 India ilikadiria 3,682, karibu robo tatu ya simbamarara wote wa porini. Sariska yenyewe ilipelekewa wengine kutoka Ranthambhore kuanzia 2008, na wakazaana.

Tume iliyochunguza sakata la Sariska, ikiongozwa na Sunita Narain, haikuishia kwa majangili. Ilisema wazi kwamba wanakijiji walifanywa maadui wa hifadhi: walihamishwa au walitishiwa kuhamishwa, wakanyimwa kuni na malisho, ng'ombe wao wakaliwa na fidia ikachelewa. Jangili akija kuuliza njia, nani atamficha simbamarara?

Hapa namkumbuka nyanya yangu. Shamba lake la viazi lilikuwa upande wa msitu wa Aberdare, kabla ua wa stima, ule wa kilomita zipatazo 400, haujakamilika mwaka 2009. Ndovu walikuja usiku. Tuligonga sufuria, tukawasha moto, na asubuhi tulikuta shamba limekuwa uwanja wa mpira. Nyanya alikuwa na msemo wake: ndovu akipigwa picha ni wa serikali, akila viazi ni wangu. Alidai fidia, akazungushwa na karatasi mpaka akachoka. Hakuwachukia ndovu hata hivyo. Alichokichukia ni kulipia peke yake mali ya wote.

Nepal walilielewa jambo hilo mapema kiasi. Sheria yao inaruhusu asilimia 30 hadi 50 ya mapato ya hifadhi kurudi kwa vijiji vinavyoizunguka. Simbamarara wao walikuwa 121 mwaka 2009, wakafika 355 mwaka 2022. Mashambulizi kwa watu nayo yakaongezeka, hilo lisifichwe. Ukifanikiwa kuongeza simbamarara umeongeza pia hofu ya mama anayekwenda kukata majani. Ndiyo maana fidia ya ng'ombe inayolipwa wiki hii ina thamani kuliko bango lolote lenye picha ya mtoto wa simbamarara.

Mtu akiniuliza kwa nini tujisumbue, humjibu kwa maji. Simbamarara hawezi kuishi bila swala na nguruwe mwitu wengi, nao hawaishi bila nyasi na miti, na miti hiyo ndiyo inayoshika mvua ya Ramganga inayonywesha mashamba na miji ya chini. Sisi wa Nairobi tunaokunywa maji yatokayo Aberdare hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Pale simbamarara anapoishi, mengine mengi bado yapo.

Na msaada? Msomaji wa blogu hii hatakwenda kulinda msitu wa Terai kwa rungu, najua. Lakini biashara ya simbamarara inaishi kwa wateja. Mvinyo na dawa za mifupa yake huuzwa kwa siri hata baada ya China kupiga marufuku biashara ya mifupa mwaka 1993. Ukiletewa zawadi ya namna hiyo, ikatae. Usilipie picha ya kumpakata mtoto wa simbamarara ukiwa likizoni Asia, maana yule mtoto amenyang'anywa mama yake ili wewe upate picha ya wasifu. Mlio Ghuba mmeona video za matajiri na paka wakubwa ndani ya magari. Falme za Kiarabu zilipiga marufuku watu binafsi kuwafuga kwa sheria ya 2016, na Marekani ikafuata mwaka 2022, kwa hiyo hata kubofya "penda" ni kumpigia makofi mvunja sheria. Ukijaliwa kwenda Ranthambhore au Corbett, lala kwenye nyumba ya mwanakijiji na umlipe yeye. Na ukichangia shirika lolote, liulize swali la nyanya: ng'ombe akiliwa leo, mwenyewe analipwa lini?

Mwezi uliopita nilirudi pale makaburini. Skauti wadogo walikuwa wamepangwa mbele ya Baden-Powell, kama sisi zamani. Kijana mmoja alitoroka mstari akaja kusoma jiwe nililokuwa nimesimama mbele yake. Akaniuliza, "Huyu naye alikuwa skauti?" Nikamwambia hapana, alikuwa mwindaji wa simbamarara. Macho yakamtoka. "Aliua wangapi?" Nikaanza na yule wa Champawat, lakini kabla sijafika kwenye yale meno mwalimu akapuliza filimbi, na kijana akakimbia kurudi mstarini.