Shujaa Asiyerejea: Moraa, Otenyo na Dhana ya Safari ya Shujaa katika Masimulizi ya Abagusii

1.0 Utangulizi

Dhana ya safari ya shujaa imeshika mizizi katika ufundishaji wa fasihi simulizi tangu Joseph Campbell alipochapisha The Hero with a Thousand Faces mnamo 1949. Kwa muhtasari, Campbell anadai kwamba visasili vya mataifa mbalimbali vina muundo mmoja wa hatua tatu: shujaa huiaga jamii yake, hukabiliana na majaribu katika ulimwengu mgeni, kisha hurejea na tunu ya kuwafaa watu wake. Kabla yake, Vladimir Propp alikuwa ameainisha majukumu 31 ya wahusika katika hekaya za Kirusi (1928), naye Lord Raglan akaorodhesha sifa 22 za shujaa wa kijadi (1936). Vielelezo hivi vina manufaa yake, kwa kuwa humpa mhakiki istilahi za kulinganisha matini. Hata hivyo, lipo swali linalostahili kuulizwa: shujaa asiporejea, ni masimulizi yaliyopungukiwa, au ni nadharia? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuyarejelea masimulizi ya Moraa na Otenyo, ambayo yangali hai katika kaunti za Kisii na Nyamira.

2.0 Usuli wa Kihistoria

Mnamo 1905 kikosi cha Waingereza kiliivamia nchi ya Abagusii na kuua watu wengi. Mnamo 1907 kituo cha utawala kilianzishwa mahali palipokuja kuwa mji wa Kisii, chini ya G. A. S. Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Januari 1908 Otenyo, kijana wa Kitutu, alimvizia mtawala huyo na kumchoma mkuki. Northcote alipona. Kikosi cha kuadhibu kilitumwa tena. Nyumba zilichomwa, mifugo ikatekwa, na watu wakauawa kwa kiasi kilichomfanya hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, kulalamikia ukubwa wa mauaji hayo. Otenyo alikamatwa na kuuawa. Masimulizi ya wenyeji yanashikilia kwamba alikatwa kichwa, na kichwa hicho kikachukuliwa hadi Uingereza.

Nyuma ya mkuki huo alikuwapo Moraa, mganga na mtabiri. Yasemekana aliwasuta vijana kwa woga wao na kuwahimiza wasikubali kutawaliwa na wageni. Wapo wasimulizi wanaomwita Otenyo mwanawe wa kulea, na wapo wanaomwita mpwa wake. Tofauti hizo si kasoro. Ni sifa ya kawaida ya matini simulizi, na katika nakala zote uhusiano wa msingi haubadiliki: mwanamke mwenye umri na mamlaka ya kiroho anamtuma kijana.

3.0 Shujaa na Mhusika Mkuu

Mwanafunzi anayeipachika ruwaza ya Campbell juu ya masimulizi haya atamfanya Otenyo kuwa shujaa na Moraa kuwa msaidizi wake. Uainishaji huo unapotosha. Katika uchambuzi wa fasihi yafaa kutenganisha dhana mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Mhusika mkuu ni yule ambaye msuko wa matukio unamzunguka. Shujaa ni hadhi ambayo jamii humtunukia mtu kwa mujibu wa maadili yake. Otenyo ana hadhi hiyo. Lakini ukiuliza ni nia ya nani inayousukuma msuko, na ni sauti ya nani inayoutaja mgogoro kwa jina lake, jibu ni Moraa. Propp anamkaribia zaidi kwa dhana yake ya mtumaji, ingawa mtumaji wa Propp akishatuma huachwa nyuma na hadithi. Moraa haachwi, baada ya kifo cha kijana yeye ndiye anayebaki na hasara.

Aidha, wito haukuanza kwake. Kabla yake alikuwapo Sakawa, mtabiri mashuhuri ambaye husimuliwa kuwa alitangaza ujio wa wageni na kuonyesha mahali ambapo majengo yao yangesimama. Hivyo basi safari moja inagawanywa kati ya watu watatu: Sakawa anatabiri, Moraa anatuma, Otenyo anatenda. Hali hii inaafikiana na jamii ambayo vijana wake walilelewa pamoja katika ebisarate, kambi za kulinda mifugo na mipaka. Katika mazingira hayo kijana hakuondoka peke yake kutafuta nafsi yake. Alitoka kwa niaba ya ukoo.

4.0 Safari Iliyokamilika

Ajabu ni kwamba katika tukio la 1908 yupo mtu ambaye maisha yake yanaitimiza ruwaza ya Campbell bila shida. Northcote aliondoka kwao, akaingia nchi ngeni, akajeruhiwa, akaponea chupuchupu, kisha akapanda daraja hadi kuwa Gavana wa British Guiana mnamo 1935 na wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941. Kuondoka, majaribu na tuzo, vyote vimo. Ikiwa kurejea na tunu ndicho kipimo cha ushujaa, basi shujaa wa masimulizi haya ni mtawala, na Otenyo ni mojawapo ya majaribu yake tu.

Hapa ndipo suala la mtazamo linapopata uzito wake. Kumbukumbu za kikoloni na simulizi za wenyeji zina tukio moja, lakini zina wahusika wakuu tofauti. Ruwaza inayojidai kuwa ya wanadamu wote humpendelea yule aliyekuwa na uwezo wa kurudi nyumbani. Uwezo huo, mnamo 1908, haukugawanywa kwa usawa.

5.0 Marejeo Yaliyoahirishwa

Shujaa asiyerejea si mgeni katika fasihi ya Afrika Mashariki. Fumo Liyongo, ambaye utenzi wake ulitungwa na Muhammad Kijumwa mnamo 1913, husalitiwa na mwanawe na kufia kisimani, upinde mkononi. Luanda Magere wa Wajaluo hugeuka jiwe. Katika masimulizi hayo yote mwili unabaki miongoni mwa watu wake, na mahali pa kifo panakuwa kumbukumbu. Otenyo amenyimwa hata hilo.

Kwa upande mwingine, jamii ilikuwa na kielelezo chake cha marejeo. Sakawa alipotoweka, wengi walikataa kwamba amekufa. Vuguvugu la Mumbo, lililoanzishwa Alego na Onyango Dunde mnamo 1913, lilipoenea kwa Abagusii, wafuasi wake walitarajia kurudi kwa mtabiri huyo. Wajerumani walipouvamia mji wa Kisii Septemba 1914 na Waingereza wakaondoka kwa muda, matumaini hayo yalipata nguvu. Marejeo, kwa hiyo, hayakufutwa katika masimulizi. Yaliahirishwa, na jukumu la kuyatimiza likawekwa mikononi mwa hadhira.

Madai ya Abagusii kwamba kichwa cha Otenyo kirudishwe yanapaswa kusomwa kwa mwanga huo. Ni madai ya kisheria na ya kihistoria, lakini pia ni hatua ya mwisho ya msuko ambao fanani hawezi kuufunga kwa maneno matupu.

6.0 Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kwamba nadharia ya safari ya shujaa itupwe. Kinachopendekezwa ni kwamba itumiwe kama swali badala ya kuwa kipimo. Pale ambapo masimulizi yanakosa hatua fulani, mhakiki asiandike kwamba pana upungufu kabla ya kuuliza ni nani aliyeiondoa hatua hiyo. Katika masimulizi ya Otenyo jibu linajulikana, na linaangukia nje ya fani: marejeo yalizuiwa kwa bunduki.