Polisi ya upelelezi ya Paris: kazi yake na mpaka wake

Katika vijiji vyetu mwizi anajulikana kwa jina lake, kwa ukoo wake, hata kwa mwendo wake. Katika mji mkubwa sivyo: mtu anabadili jina leo, kesho analala katika mtaa ambamo hakuna anayemfahamu. Tutazame basi namna polisi ya Paris ilivyojifunza kumtambua mtu, na hatari iliyofuata.

Kunako mwaka wa 1811 wakubwa wa Paris walimpa Vidocq kundi dogo la wapelelezi. Yeye mwenyewe alikuwa amefungwa na kutoroka mara nyingi, na wengi katika watu wake walikuwa wafungwa wa zamani. Waliwashika wevi wengi, kwani waliwajua kwa sura. Lakini watu walinung'unika: mwizi achunge wevi? Vidocq alipoacha kazi mwaka wa 1832, kundi likatengenezwa upya, na mtu aliyekwisha kuhukumiwa hakupokelewa tena.

Mwaka ule ule sheria ya Ufaransa ilifuta desturi ya kuwachoma wahalifu alama kwa chuma cha moto. Ilikuwa desturi ya ukali, na ilistahili kufutwa. Lakini sasa polisi watamtambuaje mtu aliyerudia kosa? Foto zilipopatikana, zilikusanywa kwa maelfu bila utaratibu wa kufaa.

Mwaka wa 1879 Alphonse Bertillon aliingia katika biro ya polisi kama karani. Aliwaza hivi: mifupa ya mtu mzima haikui tena. Kwa hiyo, tangu mwaka wa 1882, alipima kichwa, mguu, kidole na viungo vingine vya wale walioshikwa, akaandika vipimo juu ya karatasi zilizopangwa vizuri. Mwaka wa 1883 mtu aliyejiita Dupont akatambuliwa kuwa ni Martin, aliyekwisha kushikwa mbele. Baadaye alama za vidole zilishinda vipimo. Mwaka wa 1902 Bertillon mwenyewe alimtambua muuaji Scheffer kwa alama za vidole vyake juu ya kioo kilichovunjika.

Lakini Bertillon huyu huyu, mwaka wa 1894, aliitwa kupima mwandiko, kazi asiyoijua vema. Alisema kwamba barua ya usaliti iliandikwa na kapiteni Dreyfus. Mahali mwandiko ulipofanana, alisema ni wake. Mahali usipofanana, alisema ameugeuza kwa kusudi. Mtu wa namna hii angejiteteaje? Dreyfus, asiye na kosa, alipelekwa kufungwa katika kisiwa cha Guyana, na tribinali kuu haikumtangaza kuwa hana kosa mpaka mwaka wa 1906.

Mwaka wa 1913 upelelezi wa Paris uliwekwa chini ya uongozi mmoja. Makao yake yalikuwa quai des Orfèvres mpaka yalipohamishwa mwaka wa 2017. Kazi yake ni kutafuta dalili, kuwasikiliza mashahidi na kuwaleta washitakiwa, chini ya amri ya prokirere na ya juji mchunguzi. Kuhukumu si kazi yake.

Nasi tunaoletewa mashitaki ya watu tushike tofauti hiyo. Kujua «huyu ni nani» si kujua «alifanya nini». Aliyeiba mwaka jana anaweza kuwa hana kosa leo, na anayemshitaki anadaiwa dalili mpya.