Dawa ya Kutu ni Kutu: Bunduki ya Buluu, Bunduki ya Fedha na Majina Yanayotupotosha

Wahenga walinena kuwa dawa ya moto ni moto. Kwa zaidi ya karne mbili, mafundi wa bunduki wamefanya kazi kwa kanuni inayofanana na hiyo: dawa ya kutu ni kutu. Katika makala ya leo nalinganisha njia mbili za kuukinga mtutu wa bunduki. Ya kwanza ni kuutia buluu. Ya pili ni kuuunda kwa madini ambayo watu husema hayashiki kutu. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu historia yake inaonyesha wazi jinsi jina la kitu linavyoweza kuahidi jambo ambalo kitu chenyewe hakina uwezo wa kulitimiza.

Tuanze na kutu. Ile nyekundu tunayoijua kwenye mabati na majembe ni chuma kilichoungana na oksijeni pamoja na maji. Ubaya wake ni kwamba hububujika, ikabanduka na kuacha chuma kipya uchi, nacho kikaliwa vilevile. Lakini kuna oksidi nyingine ya chuma, nyeusi yenye kuelekea buluu, ambayo wanakemia huiita magnetiti. Hii hushikamana na chuma wala haibanduki ovyo. Siri yote ya bunduki ya buluu imo humo. Fundi huizuia kutu mbaya kwa kuitangulizia kutu njema.

Njia ya kale ilihitaji subira. Fundi aliusafisha mtutu usibaki na chembe ya mafuta, akaupaka maji ya tindikali na kuuacha mahali penye unyevu hadi uote kutu nyekundu. Kisha aliuchemsha ndani ya maji, na kutu ile nyekundu ikageuka nyeusi. Akausugua kwa brashi laini, akaanza upya, mara baada ya mara, siku kadhaa. Aliyeruka hatua ya kuchemsha alipata mtutu wa hudhurungi, rangi iliyopendwa sana Ulaya kabla ya buluu kushika nafasi yake. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 viwanda vikakosa subira hiyo. Vikaanza kutosa vyuma katika soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, iliyochanganywa na chumvi za nitrati na kuchemshwa hadi nyuzi 140 hivi za selsiasi. Kazi ya siku kadhaa ikawa kazi ya dakika.

Hata hivyo, utando huo wa buluu ni mwembamba mno: mikroni moja hadi mbili tatu hivi, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Tena una vitundu. Kazi yake kubwa ni kuyashika mafuta. Ukikosa mafuta, kinga yake ni haba. Jasho la kiganja au upepo wa bahari huupenya kwa muda mfupi. Isitoshe, hausaidii kitu ndani ya mtutu, ambako adui mkubwa alikuwa risasi zenyewe. Fataki za zamani, zikiwemo za risasi za .303 zilizotumiwa katika bunduki za Lee-Enfield, zilikuwa na klorati ya potasiamu, nayo iliacha chumvi kila zilipolipuka. Ndiyo maana askari wa Uingereza, na wale wa King's African Rifles waliobeba bunduki hizo huku kwetu, walihitaji maji ya moto ya kuoshea mitutu pamoja na mafuta ya kuipaka. Mafuta peke yake hayayeyushi chumvi.

Sasa tuvuke hadi Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu. Mwaka 1912, mwanametali Harry Brearley, mwana wa mfanyakazi wa tanuri la chuma aliyeacha shule akiwa na miaka 12, alipewa tatizo la kuchunguza. Mitutu ya bunduki ilikuwa ikilika upesi kwa joto na gesi za baruti. Brearley akajaribu kuongeza kromi katika chuma. Tarehe 13 Agosti 1913 aliyeyusha mchanganyiko wenye kromi asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Alipotaka kuuchunguza kwa hadubini, ilimbidi kwanza aumwagie tindikali ili umbile lake la ndani lionekane. Tindikali ikashindwa kuula. Akajaribu siki na maji ya limau, navyo vikashindwa.

Hakuwa wa kwanza kuliona jambo hilo. Mfaransa Pierre Berthier alishabaini mwaka 1821 kuwa chuma chenye kromi huzihimili tindikali, na kampuni ya Krupp ya Ujerumani ilikuwa na hataza yake tangu 1912. Kinachonivutia mimi ni kwamba ugunduzi wa Brearley ulianzia kwenye mtutu wa bunduki lakini ukaishia mezani, kwenye visu vya kulia chakula.

Hapo ndipo suala la jina lilipozuka. Brearley aliuita mchanganyiko wake "rustless steel", yaani chuma kisicho na kutu. Ernest Stuart, aliyekuwa katika kiwanda cha visu mjini humo, aliujaribu kwa siki na kuona usemi wa "stainless", yaani usio na doa, ungefaa zaidi. Jina la mfanyabiashara likamshinda mwanasayansi. Majina yote mawili, hata hivyo, yana kasoro moja: yanakana kabisa. Hakuna kutu, hakuna doa. Metali yenyewe haikuahidi hivyo.

Ilipita nusu karne kabla ya wazo hilo kurudi kikamilifu kwenye silaha. Madini hayo yalikuwa ghali na magumu kuchonga, na sehemu zake mbili zikisuguana huwa zinang'ang'aniana hadi zikakwama. Mwaka 1965, kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa Model 60, bastola ndogo ya risasi tano, ya kwanza ya aina yake kuuzwa ikiwa imeundwa kwa madini hayo. Iliwafaa hasa polisi waliobeba bastola karibu na mwili, penye jasho. Katika miaka ya sabini washindani wakafuata. Kipya kinyemi ingawa kidonda: wapo waliodhani wameaga mafuta na kitambaa milele.

Kumbe sivyo. Chuma chenye kromi ya kutosha, kuanzia asilimia 10.5 hivi, hujifunika chenyewe kwa utando wa oksidi ya kromi usioonekana kwa macho. Ukikwaruzwa, hujijenga tena mradi hewa ipo. Lakini chumvi huweza kuutoboa, na chuma kikaanza kuliwa kwa vishimo vidogo vidogo. Zaidi ya hayo, bunduki nyingi za aina hii si ndugu wa damu wa sufuria zetu. Sufuria nzuri huwa na kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Mitutu huundwa kwa aina ngumu zaidi, isiyo na nikeli ya kutajika, na ambayo haiihimili kutu kwa kiwango hichohicho. Hebu chukua sumaku: kwa kawaida itaunasa mtutu na kuipuuza sufuria.

Ukizilinganisha, basi, tofauti haimo katika kuwa na kutu au kutokuwa nayo. Zote mbili hukingwa na oksidi. Katika ile ya buluu, fundi huutengeneza utando na mwenyewe huutunza kwa mafuta. Ukichakaa kwa kuingizwa na kutolewa alani, haurudi bila fundi. Katika ile ya kromi, metali hujitengenezea utando na kujitibu, ingawa si bila kikomo. Ya buluu haimeti, jambo ambalo mwindaji hulithamini. Ya kromi humeta kama fedha, lakini humsamehe mmiliki mzembe kwa siku nyingi zaidi.

Narudi kwenye lugha yetu. Kiswahili kina "pua", neno kongwe la chuma kigumu, na "feleji", chuma bora cha upanga. Siku hizi "chuma cha pua" hutumiwa katika matangazo ya bidhaa kwa maana ya kile chenye kromi pekee. Tukikubali hivyo, tutauitaje mtutu wa buluu, ambao nao ni wa pua? Wengine huandika "chuma kisichoshika kutu", na kwa kufanya hivyo wanalirithi kosa la Sheffield pamoja na ukanushi wake. Napendekeza tuseme "pua ya kromi", jina linalotaja kilichomo badala ya kuahidi kisichowezekana. Na pale tunapotaka kueleza sifa, tuseme "inayostahimili kutu". Kustahimili kuna mpaka, na msikilizaji huujua. Vilevile, tuseme bunduki "imetiwa buluu", wala si "imepakwa rangi ya buluu". Rangi hupakwa juu ya chuma. Buluu hii ni chuma chenyewe kilichogeuzwa.

Istilahi ni chombo cha kazi. Aliyeambiwa kwamba chombo chake hakishiki kutu hataona haja ya kukipangusa, naye atashtuka siku atakapokikuta kimetoboka. Aliyeambiwa kwamba kinastahimili tu, ataweka kitambaa karibu.