Nani Aliamua Changamwe Iwe ya Viwanda?

Kila mtu wa huku kwetu akilalamika kuhusu moshi, harufu ama trela zinazoziba njia, jibu ni lilelile: "Si mlijua Changamwe ni ya viwanda? Kwani mlienda kuishi huko kufanya nini?" Mtu anasema hivyo kama vile matangi ya mafuta yaliota yenyewe, kama mikoko.

Mimi naishi Chaani. Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo usitarajie lugha ya profesa hapa. Lakini kusoma sikuacha, na hii stori nimeifuatilia muda. Hakuna kiwanda kinachoota. Mahali fulani, siku fulani, mtu alichora mstari kwenye ramani akasema huku watu walale, kule kuchemshwe mafuta. Nataka tuwaulize hao wachoraji swali moja tu: sisi tulikuwa wapi mkichora?

Tuanze na jina lenyewe. Changamwe lilikuwa jina la watu kabla ya kuwa jina la steji ya matatu. Waswahili wa Mombasa wana ile Miji Kumi na Mbili yao: Tisa Taifa na Thalatha Taifa. Hawa Thalatha ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Jomvu nao ni mmoja wa wale Tisa. Kwa hivyo mtu akikwambia "Changamwe ni ya viwanda tangu zamani", muulize zamani gani.

Zamani ya viwanda inaanza na reli. Waingereza walitangaza himaya yao 1895, na mwaka uliofuata wakaanza kulaza reli kutoka Mombasa kwenda Uganda. Kisiwa ni kidogo, bara ni kubwa. Reli ikivuka maji pale Makupa, inatua Changamwe. Kuanzia siku hiyo, ardhi yetu ilianza kuangaliwa kwa jicho lingine: jicho la mtu anayetafuta pa kupitishia mzigo.

Halafu ikaja sheria ya hatimiliki ya 1908, ile iliyohusu ardhi ya mwambao. Mwenye kudai shamba aje adai, alete ushahidi. Shamba ambalo hakuna aliyelidai, ama dai lake likakataliwa, likawa mali ya Serikali ya Mfalme. Sasa fikiria ni nani alikuwa na karatasi wakati huo, na nani alijua mlango wa ofisi. Watu wengi wa Mijikenda walikuwa wakilima ardhi ya ukoo. Alama yao ilikuwa mnazi, mwembe na makaburi ya wazee. Mnazi hauna mhuri. Ramani ya nani anamiliki nini ilichorwa kwanza, na mpaka leo ramani ya nini kijengwe wapi inaipanda juu yake.

1926 Kilindini ikapata gati zake za kwanza za maji marefu. Meli kubwa zikafunga, kazi ikaongezeka, watu wakamiminika. Lakini wafanyakazi wangelala wapi? Hilo halikupewa uzito kama gati. Wafanyakazi wa Mombasa waligoma 1939, wakagoma tena Januari 1947, na mara zote mbili kilio cha nyumba na kodi kilikuwa pamoja na kilio cha mshahara. Yaani mji ulikuwa umepanga mzigo utalala wapi kabla haujapanga mpagazi atalala wapi.

Baadaye bara magharibi ikazidi kubebeshwa. Kampuni ya kusafisha mafuta iliundwa 1960, wenyewe wakiwa Shell na BP, na mtambo ukaanza kazi 1963, mwaka wa Uhuru. Ongeza matangi. Ongeza umeme wa Kipevu. Ongeza uwanja wa ndege Port Reitz. Miaka ya karibuni ongeza yadi za kontena na SGR ya Miritini iliyoanza 2017. Kila kitu kilichokuwa kizito, kichafu ama chenye kelele kilipewa upande mmoja wa mji.

Linganisha na Nyali. Nyali pia ni bara, tena kule nako kulikuwa na shamba la mkonge. Daraja la kuelea lilipowekwa 1931, shamba likaanza njia yake ya kuwa mtaa wa watu wenye pesa, na viwanja vikapimwa vikubwa. Baa ikifunguliwa leo kando ya nyumba kule Nyali, wakaazi wana hati, wana chama, wana wakili. Malalamiko yao yanaanza na maneno "hili ni eneo la makaazi", na ramani inawaunga mkono. Sisi tukianza hivyo tunachekwa.

Na kuna jambo la upepo, ambalo kila mvuvi wa hapa analijua. Kusi inavuma kutoka kusini-mashariki miezi mingi ya mwaka. Moshi ukitoka Changamwe wakati wa kusi, unaelekea Mikindani na Jomvu. Kizingo hauendi. Sisemi kuna mtu aliketi akapanga hivyo. Nasema tu ni nani anaufua moshi huo kwenye nguo zake.

Sasa tuje kwa yule anayeuliza "mlienda kuishi huko kufanya nini". Tulifuata kazi, bana. Mtu wa kibarua cha siku hana nauli ya kuvuka mji mzima kila asubuhi. Analala karibu na geti ili saa kumi na moja awe amepanga laini. Na Mombasa tuna utaratibu wetu ambao watu wa Nairobi huwa wanaushangaa: mwenye nyumba si mwenye ardhi. Unajenga nyumba yako ya udongo ama ya mawe, lakini kiwanja unamlipia kodi mtu mwingine. Nyumba ni yako, chini si pako. Mtu wa aina hiyo kwenye ramani ya mpango anaonekana kama hayuko. Kiwanja kinaandikwa jina la mwenye hati, na matumizi yanaandikwa "viwanda", hata kama watoto mia mbili wamezaliwa hapo.

Mwisho wa hesabu hiyo ni Owino Uhuru.

Wengi mmesikia jina, wachache mnajua mpangilio wake. Owino Uhuru ni kijiji cha watu kama elfu tatu, upande wa Mikindani, Jomvu. Mwaka 2007, ukutani kabisa mwa kijiji, kikaanza kazi kiwanda cha Metal Refinery EPZ. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, ile madini. Kwa sheria ya 1990 ya maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, kampuni kama hiyo inapewa unafuu wa kodi na leseni yake maalumu. Karatasini ni uwekezaji. Ukutani ni moshi unaotua kwenye mabati ambayo watu wanakinga maji ya mvua, na maji machafu yanayopita katikati ya nyumba.

Risasi haina huruma na mtoto. Inaingia kwenye damu, inagusa ubongo, na kilichoharibika hakirudi. Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hicho 2009, akaonya kwamba hakifai kuwa pale, kisha mwanawe mwenyewe akapatikana na risasi mwilini. Akaacha kazi akaanza kupigana. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2015 Omido akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikatoa hukumu Julai 2020: fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo na maji yasafishwe. Lawama haikubebeshwa kiwanda peke yake. Ilimgusa mwenye ardhi, ikagusa wizara, ikagusa NEMA na mamlaka ya EPZ, yaani watu ambao kazi yao ni kusema "hapana, hapa watu wanaishi". 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa ile fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Piga hesabu: mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na miaka 17 neno la mwisho la mahakama lilipotoka.

Na ukitafakari, kesi yote hiyo ilikuwa ya kujibu swali ambalo lingejibiwa kwa kutembea dakika tano: nyuma ya ukuta huu kuna nini?

Wengine mtaniambia napinga kazi. Babangu ni dereva wa trela. Chakula nilichokula utotoni kilitoka bandarini. Mtambo wa mafuta uliposimama kusafisha 2013, niliona mtaani maana ya kazi kuondoka. Siwezi kuwa adui wa kiwanda. Lakini kiwanda cha unga na kiwanda cha risasi ni vitu viwili, na yadi ya kontena iliyoacha nafasi ya watoto kupita si sawa na ile iliyomeza njia ya shule. Tofauti hizo ndizo mpango wa ardhi uliundwa kuzitazama. Ukisema neno moja tu, "viwanda", ukazifunika zote, hapo hujapanga kitu.

Naandika haya sasa kwa sababu ramani nyingine inajazwa. Ng'ambo ya maji yetu, upande wa Likoni, kuna Dongo Kundu, eneo maalumu la kiuchumi la kama ekari 3,000. Barabara mpya imeshaunganisha Miritini na kusini bila feri. Watu wa Mtongwe, Mbuta na kandokando wanaongea fidia, na wana haki kuongea. Lakini fidia ni swali la anayehamishwa. Kuna swali la anayebaki: ukuta utasimama wapi, na nyuma yake kutachemka nini?

Hili la pili ndilo Owino Uhuru hawakupata nafasi ya kuuliza mapema. Sisi tunayo, kwa sheria. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inamtaka anayetaka kujenga ama kubadilisha matumizi ya kiwanja aombe ruhusa ya kaunti, na jirani ana haki ya kupinga. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka tathmini ya athari, na maoni ya wananchi. Sheria ya kupata habari ya 2016 inakupa haki ya kuandika barua kuomba hati ya ofisi ya umma, na wakujibu ndani ya siku 21. Hakuna mahali imeandikwa lazima uwe na hatimiliki ndio uulize. Mpangaji pia ni jirani.

Kwa hivyo watu wa Likoni, baraza likiitwa, msiende kusikiliza idadi ya kazi peke yake. Ombeni ramani iletwe, itandikwe mezani. Tafuteni nyumba zenu juu yake. Kama hazipo, zitieni kwa kalamu, muandike tarehe, na mbaki na nakala.