Kondo la Nyuma Halikuwa Taka

Wakaguru wa Gairo, mkoani Morogoro, huhesabu ukoo kwa upande wa mama: mtoto ni wa ukoo uliomzaa mama yake. Lakini ukoo si alama pekee ya asili: katika jamii nyingi za Tanzania, mtu akitaka kusema kwao ni wapi, hutaja mahali kilipozikwa kitovu chake, na zalio, yaani kondo la nyuma, nalo lilifukiwa kwa uangalizi, halikutupwa ovyo. Uzazi ulipohamia zahanati na hospitali, kondo la nyuma likapewa shimo lake nyuma ya wodi, likahesabiwa miongoni mwa taka. Nadai kwamba hesabu hiyo ilikosea. Historia ya malaria ya wajawazito katika Afrika Mashariki inaonyesha kuwa kondo hilo ndilo lililofungua moja ya mafumbo makubwa ya ugonjwa huo, na kwamba protini zinazotengenezwa leo katika maabara za mbali zina asili yake katika vyumba vya kujifungulia vya huku kwetu.

Ushahidi unaanza mapema. Mwaka 1938 P. C. C. Garnham, daktari aliyefanya kazi Kenya, alichapisha uchunguzi wa kondo za wanawake wenye malaria. Kwamba vimelea hujazana humo lilikuwa jambo linaloonekana kwa darubini. Kwa nini vijazane humo, na kwa nini mimba ya kwanza ndiyo iumie zaidi, halikuwa na jibu. Jibu lilikuja mwaka 1996, pale watafiti Michal Fried na Patrick Duffy walipochunguza kondo zilizotolewa na akina mama wa Kisumu, Kenya. Waligundua kuwa chembe nyekundu za damu zilizoingiliwa na vimelea hunata kwenye kondroitini salfeti A, aina ya sukari iliyoshikana na protini za kondo. Mwanamke aliyekwisha kuizoea malaria tangu utotoni hana kinga dhidi ya vimelea vya namna hiyo, kwa sababu kabla ya mimba mwili wake haukuwa na mahali pa kuvishikiza. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba wanawake waliozaa mara kadhaa hujijengea kingamwili zinazozuia kunata huko, hata kwa vimelea vilivyotoka Asia. Kinga waliyoijenga akina mama kwa kuzaa na kuugua ikawa ramani ya chanjo.

Ramani hiyo ilifuatwa. Kati ya 2003 na 2004 mtafiti Ali Salanti na wenzake walibainisha protini ya kimelea inayofanya kazi ya kunata, VAR2CSA, huku watafiti wakiendelea kufuatilia akina mama na watoto Muheza, mkoani Tanga. Jeni ya protini hiyo ilipandikizwa ndani ya seli za wadudu na za bakteria ili zitengeneze vipande vyake kwa wingi. Hivyo zikapatikana chanjo mbili za majaribio: PAMVAC, iliyojaribiwa Ujerumani na Benin, na PRIMVAC, iliyojaribiwa Ufaransa na Burkina Faso.

Mtu aweza kupinga kwamba mambo haya ni ya Kisumu na Muheza, kwenye mbu wengi, si ya Gairo iliyo juu na yenye baridi. Hoja hiyo ina uzito nusu tu. Pale malaria inapopungua, kinga nayo hupungua, na hapo hatari haibaki kwa mimba ya kwanza pekee. Mjamzito yeyote anaweza kuugua vibaya. Mwingine atasema tunazo dawa na vyandarua. Ni kweli: Tanzania ilianza kuwapa wajawazito dawa ya kinga ya SP mwaka 2001, na Hati Punguzo ya vyandarua ikaanza 2004. Lakini SP hiyo hiyo iliondolewa mwaka 2006 kuwa tiba kuu ya malaria kwa sababu ya usugu wa vimelea, na dawa mseto ikashika nafasi yake. Kinga inayotegemea dawa inayochoka inahitaji mwenzake.

Lipo pingamizi la tatu: kwamba heshima ya zalio ni mila iliyopitwa na wakati, na sayansi ingekwenda kasi zaidi bila kuijali. Historia inasema kinyume. Utafiti huu wote ulisimama juu ya akina mama waliokubali kutoa kondo na damu zao, na mama hukubali pale anapoelezwa kwa lugha anayoielewa, akaachiwa nafasi ya kukataa. Mila iliyolifukia zalio kwa uangalizi na maabara iliyolichunguza kwa uangalizi zinakubaliana juu ya jambo moja: hiki si kitu cha kutupa bila kufikiri. Basi chanjo hiyo ikikamilika siku moja, isiishie kwenye miji mikubwa. Ifike Gairo, kwa mama anayejifungua kwenye zahanati ya kijiji, kwa sababu wanawake kama yeye ndio walioianzisha.