Mwani na bakteria: Washirika wanaosafisha majitaka

MGENI anayefika kwenye mabwawa ya majitaka, kama yale ya Dandora yaliyopo Ruai, mashariki mwa jiji la Nairobi, huenda akadhani kuwa rangi ya kijani iliyotanda majini ni uchafu. Kumbe rangi hiyo hutokana na mwani, viumbe vidogo mno mfano wa mimea, na ni dalili kwamba kazi ya kusafisha maji inaendelea.

Kazi hiyo hufanywa kwa ushirikiano. Bakteria hula kinyesi, mabaki ya chakula na uchafu mwingine unaooza. Wakifanya hivyo hutumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa pamoja na virutubisho vya naitrojeni na fosforasi. Mwani nao hutumia hewa hiyo, virutubisho hivyo na mwanga wa jua kujitengenezea chakula, kisha huachia oksijeni majini. Bakteria huitumia tena, na mzunguko huendelea. Taka za mmoja ni riziki ya mwenzake.

Mwaka 1957, wahandisi William Oswald na Harold Gotaas wa Marekani walichapisha maelezo ya kina ya uhusiano huo, ambayo yamekuwa msingi wa usanifu wa mabwawa mengi.

Kwa kawaida maji hupitia mabwawa ya aina tatu. La kwanza, lenye kina cha mita 2 hadi 5, halina oksijeni. Humo uchafu mzito hutuama na kuozeshwa na bakteria wasiohitaji hewa. La pili, lenye kina cha mita 1 hadi 2, ndilo makao ya ushirika wa mwani na bakteria. La mwisho huwa na maji ya kina kifupi, ambamo jua hupenya na kuua vijidudu vya maradhi. Mchana mwani unapofyonza hewa ya ukaa, kipimo cha pH huweza kupita 9, hali ambayo bakteria wengi wa kinyesi hawaistahimili. Mayai ya minyoo huzama chini.

Faida kubwa ni gharama. Mitambo ya kisasa hupuliza hewa majini kwa umeme mwingi. Hapa oksijeni hutolewa na jua. Nchi za joto zinafaa zaidi, kwani viumbe hao hufanya kazi haraka penye joto.

Hata hivyo, mabwawa yanahitaji ardhi kubwa, ambayo mijini ni adimu. Tope lisipoondolewa kwa wakati, kina hupungua na maji hupita kabla hayajasafika. Mwani unaobaki katika maji yanayotoka nao unaweza kuchafua mto ukioza.

Hatari kubwa zaidi ni mji kukua kuliko mabwawa yake. Dandora ilisanifiwa kupokea mita za ujazo 160,000 kwa siku. Bwawa lolote likizidiwa na uchafu, bakteria humaliza oksijeni, mwani hufa, kijani hugeuka kijivu au zambarau na harufu mbaya huenea. Wanaoumia kwanza ni walioko chini ya mto, wanaomwagilia mboga ambazo hatimaye hurudi katika masoko ya mji uleule.