Picha Tunazo, Majina Hatuna

Likizo ya Desemba ya mwaka juzi mimi na familia yangu tulivuka bahari kwenda Unguja. Tulikaa siku tatu Mji Mkongwe, mji ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Watoto walifurahi mno. Tulipiga picha kwa simu mpaka chaji ikaisha: mbele ya Ngome Kongwe, Forodhani tukila pweza, na kwenye kila mlango wenye nakshi na misumari ya shaba. Tuliporudi nyumbani tulihesabu picha zaidi ya 200.

Jioni moja jirani alikuja kuziangalia. Akaonyesha mlango mmoja mzuri na kuuliza: "Hii ilikuwa nyumba ya nani?" Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Tulichofanya pale ni kuupa mlango mgongo, tukatabasamu, tukaondoka.

Mwaka uliofuata mfuko haukuruhusu. Nauli ya boti ya watu watano, malazi na chakula, si mchezo. Nikawaambia wanangu kwamba safari hii tutatalii Dar es Salaam. Wakacheka. Binti yangu wa darasa la sita akasema, "Baba, si tunaishi hapa hapa?" Nikamjibu kwamba kuishi mahali ni jambo moja na kupajua ni jambo jingine. Nikaweka sharti: hakuna kupiga picha kabla ya kujua kilichopo mbele yetu ni nini.

Tulianza Jumapili asubuhi, Barabara ya Sokoine, kwenye Boma la Kale. Jengo hili la mawe ya matumbawe na boriti za mikoko ni la miaka ya 1860, wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoamua kujenga mji pembeni mwa kijiji cha Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870 na mji ukadorora. Wajerumani ndio waliohamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo, mwaka 1891. Makanisa mawili ya karibu na hapo, la Mtakatifu Yosefu na la Kilutheri la Azania Front, ni kazi ya enzi hiyo. Tukapiga picha, tukaendelea.

Kituo kilichofuata kilikuwa Sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora. Nani kati yetu hajapita pale? Daladala nyingi zimetupitisha, na wengi tumeahidiana kukutana pale. Lakini ni wachache waliowahi kusimama na kusoma.

Mahali hapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, mtu aliyeongoza majeshi yaliyoizima vita ya Abushiri katika pwani yetu. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliiondoa. Baadaye ilipelekwa Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu waliiangusha mwaka 1968. Askari huyu wa shaba tunayemwona leo, aliyeshika bunduki yenye singe, alizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza.

Mwanangu wa kiume akasoma maandishi, maana yapo kwa Kiswahili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Yanawataja askari. Yanawataja pia wapagazi waliolibebea jeshi mizigo. Na mwisho yanatoa ahadi kwamba hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako.

Binti yangu akaanza kuizunguka sanamu. Akazunguka mara ya kwanza, akazunguka mara ya pili. Nikamwuliza anatafuta nini. Akasema, "Natafuta majina."

Ndugu wasikilizaji, majina hayapo. Hakuna hata moja.

Tukakaa kivulini nikawaeleza. Vita ile ilikuwa ya Wazungu kwa Wazungu, lakini ilipiganwa katika mashamba yetu. Mbung'o waliua farasi na punda, barabara za magari hazikuwepo, na reli zilikuwa chache. Kwa hiyo risasi, unga, mizinga na hata vitanda vya maofisa vilikwenda kichwani mwa Mwafrika. Pande zote mbili zilikamata watu vijijini na kuwatwisha mizigo ya kilo 20 na zaidi, siku baada ya siku, mvua ikinyesha. Waliofariki wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa.

Msidhani kwamba wakati ule hapakuwa na kamera. Mjerumani Walther Dobbertin alikuwa na kazi ya kupiga picha nchini humu kabla ya vita na wakati wa vita. Picha zake nyingi zimehifadhiwa Ujerumani, katika nyaraka za taifa hilo, na zinaonyesha mitaa yetu, treni, askari na wapagazi. Mara nyingi Mzungu aliyemo ana jina na cheo. Waafrika waliomzunguka wanaitwa tu askari, wapagazi au wenyeji.

Kutoka hapo tuliufuata Mtaa wa Samora mpaka Mnara wa Saa, uliojengwa kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji mwaka 1961, tukaingia Mtaa wa Uhuru na kufika Mnazi Mmoja. Leo watu hupumzika pale. Zamani uwanja ule uliachwa wazi kwa makusudi, ili kutenganisha Uhindini na makazi ya Waafrika. Tukakata Mtaa wa Lumumba, ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mara tukawa Kariakoo.

Hapa ndipo nilipowauliza wanangu: jina Kariakoo limetoka wapi? Kimya. Waingereza walipoingia walikuta jumba ambalo Wajerumani walilijenga kabla ya vita. Wakaweka hapo kambi ya wapagazi, kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Ulimi wa Mswahili ukaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, chanzo ni hicho hicho. Mwaka 1923 jumba letu likawa soko. Soko la sasa, lenye paa la zege kama miamvuli iliyogeuzwa, lilibuniwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975. Mwezi Julai 2021 liliungua, na matengenezo makubwa yakafuata.

Kwa hiyo kila tunaposema tunakwenda Kariakoo kununua vitenge au vipuri, tunawataja wapagazi bila kujua.

Binti yangu akafikiri kidogo, kisha akauliza: "Baba, yule Babu wa Kariakoo kwenye picha ya sebuleni, naye alikuwa mpagazi?"

Nikashtuka. Nyumbani tunayo picha ya babu yake mama yangu mzazi. Ilipigwa studio akiwa mzee, kanzu nyeupe, nyuma yake pazia lililochorwa minazi. Tangu utotoni tumemwita Babu wa Kariakoo tu. "Ndiyo," nikasema, "alikuja kwa vita, akabaki." Akaniuliza swali la pili: "Jina lake nani?"

Wasikilizaji wangu, mimi ninayewasomea historia kila wiki nilisimama katikati ya Mtaa wa Nyamwezi bila jibu. Ninaweza kuwatajia gavana wa Kijerumani. Jina la mzee aliyemzaa babu yangu sikulijua. Nilikuwa nimewalaumu waliosimamisha sanamu bila majina, kumbe na sebule yangu ni vile vile.

Mama yangu ametangulia mbele ya haki. Nikampigia simu mama mdogo, yuko Temeke. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, kuna nini?" Nilipomweleza alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza." Akalitaja jina. Lile la kwao Unyamwezi alilopewa na mama yake, na lile alilolichukua mjini. Akatuambia kwamba baada ya vita mzee alirudi kuchukua mizigo papo hapo sokoni mpaka mgongo ukakataa. Nyumba yake ya udongo na makuti ilikuwa mitaa miwili kutoka tulipokuwa tumesimama. Tulikwenda. Sasa kuna ghorofa na maduka ya nguo.

Tulipiga picha pale, ndiyo ya mwisho siku ile. Haina mlango wa nakshi. Nyuma yetu kuna magunia, mabango na mkokoteni. Lakini ukituuliza mahali hapo palikuwa pa nani, wote watano tutakujibu. Na ile picha ya sebuleni tumeitoa kwenye fremu, tukaandika majina yote mawili nyuma yake kwa kalamu ya wino.

Hamna haja ya kulijua jina hilo, ni letu. Tafuteni lenu. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Wazee waliobaki wanaondoka, na simu zetu zimejaa picha za watu ambao wajukuu wetu watashindwa kuwatambua. Likizo ijayo nendeni Kilwa, nendeni Bagamoyo, nendeni Lamu, Mungu akiwajalia nauli. Lakini kabla ya kufunga mizigo, mpigieni simu mzee mmoja na mwandike anachosema.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.